Pua imeziba, mbona ulimi nao umegoma?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwezi uliopita nilishikwa na mafua mazito. Kwa siku kama tano kila chakula kilikuwa kama natafuna karatasi, lakini cha ajabu chumvi na sukari nilizisikia vizuri tu. Mume wangu anashikilia kwamba ulimi ulikufa ganzi, mimi nasema ni pua. Nani yuko sahihi? Na ule mchoro wa shuleni, kwamba ncha ya ulimi huonja utamu na nyuma huonja uchungu, ni wa kweli? Halafu kuna jingine: nikifumba macho nikapewa juisi, nashindwa kusema ni ya tunda gani. Macho yanahusikaje na kuonja?

JIBU: Marahaba. Umeshinda wewe. Ila usimcheke mumeo, maana kosa lake ni la karibu kila mtu, na huko mbele nitamrudishia heshima yake kidogo.

Ushahidi umeuandika mwenyewe: chumvi na sukari ulizisikia. Ulimi uliokufa ganzi usingezitofautisha na maji matupu. Ulimi wako ulikuwa kazini siku zote tano. Aliyekosekana ni mwenzake, yule anayefanya sehemu kubwa ya kazi huku sifa zote zikienda kwa ulimi. Wagonjwa wengi hunijia wakisema "daktari, sionji kitu." Nikiwadondoshea ulimini tone la maji ya chumvi, la sukari, la limau na la kitu kichungu, wanayataja yote manne bila kukosea. Hapo huchanganyikiwa kuliko walivyokuja, mpaka niwashikishe pua.

Nawe ujaribu, hata leo. Tafuta peremende ya matunda, umwombe mtu akupe bila wewe kuona rangi yake. Ziba pua kwa vidole viwili, uiweke mdomoni uimung'unye. Utasikia sukari, pengine na uchachu kidogo, basi. Ni tunda gani? Hujui, na hata ukikaza mawazo hutajua. Hesabu hadi kumi, kisha achia pua na utoe pumzi kwa puani. Ghafla chungwa, au nanasi, au stroberi, linajaa mdomo mzima. Peremende ni ileile na ulimi ni uleule.

Kilichotokea ni kwamba pua ina milango miwili. Wa mbele tunaujua, ndio huo tunaoufuta kamasi. Wa nyuma uko juu ya koo, nyuma ya kaakaa laini. Unapotafuna, chakula hupondeka, hupata joto la mdomo na kutoa molekuli nyepesi zinazoelea kama mvuke. Unapomeza, kaakaa laini huinuka na kufunga mlango wa nyuma ili tonge lisipande puani (ukichekeshwa katikati ya kumeza maji unajua kinachotokea mlango huo ukikosea saa). Mara tu baada ya kumeza, mlango hufunguka na pumzi ndogo inayotoka nje hubeba ule mvuke hadi kwenye dari ya pua. Hapo ndipo chungwa linapokuwa chungwa.

Sisi lakini hatulisikii puani. Ubongo unapata habari mbili kwa wakati mmoja: mguso na ladha kutoka mdomoni, na harufu kutoka nyuma ya pua. Unazifunga furushi moja na kuliandika anwani ya mdomo. Mwanasaikolojia Paul Rozin alieleza mwaka 1982 kwamba kunusa ni hisi ya pekee kwa kuwa na sura mbili, moja ya kukagua vilivyo nje na nyingine ya kukagua kilicho mdomoni. Ndiyo maana mtu aliyepoteza uwezo wa kunusa analalamikia ulimi. Hadanganyi, ubongo wake ndio ulivyomwambia.

Lugha nayo haitusaidii. Tunasema "ladha" tukimaanisha kile ulimi unachopima na pia lile furushi zima. Tunasema "tamu" kwa asali na kwa nyama iliyokolea chumvi. Kwa upande mwingine, Kiswahili kinasema "nasikia harufu," "nasikia njaa," "nasikia maumivu," kana kwamba hisi zote ni nyumba moja, na kwa habari ya ubongo hilo haliko mbali na ukweli.

Sasa tuingie kwenye hiyo dari. Juu kabisa ya tundu la pua, usawa wa katikati ya macho, kuna kipande cha utando chenye ukubwa wa sentimita chache za mraba kila upande. Humo kuna mamilioni ya seli za neva zenye vinyweleo vinavyoelea ndani ya ute. Hakuna sehemu nyingine ya mfumo wa fahamu iliyowekwa wazi namna hiyo mbele ya hewa ya nje, vumbi na virusi, na kwa sababu hiyo seli hizi hufa na kuzaliwa upya maisha yote, jambo ambalo neva nyingi haziliwezi. Kila seli imebeba kipokezi (protini inayonasa molekuli za harufu) cha aina moja tu, kati ya aina zipatazo 400 alizonazo binadamu. Linda Buck na Richard Axel walitangaza ugunduzi wa jeni za vipokezi hivi mwaka 1991 wakichunguza panya, na mwaka 2004 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Usidhani kuna kipokezi cha kahawa na kingine cha waridi. Molekuli moja hugusa vipokezi kadhaa, hivi kwa nguvu na vile kwa mbali, na kipokezi kimoja huguswa na molekuli nyingi. Ubongo husoma mpangilio wa wote walioguswa. Harufu ya kahawa yenyewe ni mchanganyiko wa mamia ya molekuli, hata hivyo hatusikii mamia, tunasikia kahawa.

Nyuzi za seli hizi hupanda kwenye fuvu kupitia mfupa mwembamba wenye vitundu kama chujio, zikaingia kwenye tunguu la kunusia lililo chini ya ubongo. Mfupa huo nimeuona ukiwatesa watu: mtu akianguka na kugonga kisogo, ubongo hutikisika, nyuzi zinazopita vitunduni hukatika kama uzi kwenye makali, na harufu zote huondoka siku hiyohiyo ingawa pua haina hata mkwaruzo. Kutoka kwenye tunguu, taarifa za harufu hazifuati utaratibu wa wenzake. Kuona, kusikia na kuonja hupitia kwanza thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo kinachopokea na kugawa. Harufu huingia moja kwa moja kwenye gamba la kunusia na kwenye amigdala, inayoshughulika na hofu na hisia, jirani na hipokampasi inayotunza kumbukumbu. Unapita mahali, harufu ya sabuni fulani inakugonga, na kabla hujajua ni sabuni gani tayari una miaka saba.

Turudi kwenye mafua yako. Upenyo unaofika kwenye ile dari ni mwembamba, milimita moja au mbili. Utando ukivimba na kamasi ikajaa, njia imefungwa kwa mbele na kwa nyuma. Juu ya hapo, ule utando wa kunusia nao huwaka na kuvimba, ndiyo maana wengine pua hufunguka lakini chakula huchelewa kurudi kuwa chakula kwa siku kadhaa. UVIKO-19 ulikuja na sura nyingine: watu walipoteza harufu huku pua ikiwa wazi kabisa. Ilibainika kwamba virusi vyake hushambulia hasa seli zinazozihudumia zile neva, kwa kuwa ndizo zenye protini ya ACE2 ambayo virusi huikamata kuingilia. Neva bila wahudumu wake haifanyi kazi.

Basi ulimi unafanya nini? Toa ulimi mbele ya kioo kwenye mwanga mzuri. Lile zulia jeupejeupe linalokwaruza ni vinundu vyembamba kama nyuzi, tena ndivyo vingi kuliko vyote, na havionji chochote; kazi yao ni kushika chakula. Kati yao, hasa nchani na kingoni, utaona vidoti vyekundu vya mviringo. Hivyo huonja. Nyuma kabisa, vimejipanga umbo la V, kuna vinundu vikubwa visivyozidi dazeni moja. Kuna watu huviona kwa mara ya kwanza siku moja wakipiga mswaki na kunijia mbio wakiamini ni saratani. Wamekuwa navyo tangu utotoni.

Ndani ya vinundu vinavyoonja kuna vichipukizi vya ladha, kila kimoja kikiwa na seli 50 hadi 100 zilizofungana kama karafuu za kitunguu saumu, zikiacha kitundu kidogo juu. Ladha huingilia hapo ikiwa imeyeyuka kwenye mate. Futa ulimi kwa kitambaa safi hadi ukauke, weka punje chache za sukari, nawe utaona zinakaa kama mchanga mpaka mate yarudi. Seli hizi huishi siku kumi au zaidi kidogo kisha hubadilishwa, na ndiyo maana ulimi uliounguzwa na chai hurudi sawa upesi.

Ladha za ulimi ni tano: tamu, chachu, chumvi, chungu, na ile ya tano isiyo na jina letu, umami, aliyoipambanua mkemia wa Japani Kikunae Ikeda mwaka 1908 kutokana na supu ya mwani. Ni ule mkolezo wa mchuzi wa nyama, uyoga au nyanya iliyoiva sana, na kinachouleta ni glutamati. Utamu una kipokezi kimoja kikuu chenye sehemu mbili. Uchungu una vipokezi vya aina 25 hivi. Naona mgawanyo huo una akili: sukari inatafutwa kwa sura moja, lakini sumu za mimea zina sura nyingi, kwa hiyo walinzi lazima wawe wengi. Tena walinzi hao hawafanani kwa kila mtu. Mwaka 1931 mkemia wa Marekani Arthur Fox alimwaga kwa bahati mbaya unga wa kemikali iitwayo PTC; mwenzake akalalamika kwamba hewa imekuwa chungu, Fox mwenyewe hakusikia chochote. Tofauti hiyo hurithiwa katika familia. Mtoto anayekataa mboga chungu huenda anaisikia chungu kuliko wewe unayemlazimisha.

Ule mchoro wa shuleni ufute. Mjerumani D. P. Hänig alipima mwaka 1901 akaona sehemu za ulimi zinatofautiana kidogo tu katika wepesi wa kusikia ladha fulani. Edwin Boring aliyaonyesha upya matokeo hayo kwenye grafu mwaka 1942, na waliosoma grafu hiyo wakaelewa kwamba kila ladha ina mtaa wake. Haina. Kila eneo lenye vichipukizi huonja zote tano. Weka chumvi kwenye ncha, mahali palipodaiwa kuwa pa sukari, utamaliza ubishi kwa sekunde mbili. Inanishangaza kwamba kizazi baada ya kizazi tulinakili mchoro ambao kila mwanafunzi alikuwa na kifaa cha kuupinga mdomoni mwake.

Na sasa heshima ya mumeo. Ulimi kupoteza ladha kwa kosa la neva kupo. Theluthi mbili za mbele za ulimi huhudumiwa na uzi wa neva ya saba (neva zinazotoka ubongoni tunazihesabu kwa namba), na uzi huo una njia ya ajabu: hupita ndani ya sikio la kati, nyuma tu ya ngoma ya sikio. Mtu akifanyiwa upasuaji wa sikio hilo anaweza kuamka upande mmoja wa ulimi ukiwa hauonji vizuri au una ladha ya chuma. Theluthi ya nyuma ni ya neva ya tisa, na huko kooni kuna ya kumi, kwa hiyo si rahisi ladha yote kupotea kwa ajali moja. Dawa nazo huvuruga. Metronidazoli inajulikana kwa ladha ya chuma. Katika hali hizo chumvi na sukari zenyewe zingebadilika, jambo ambalo kwako halikutokea.

Ukali wa pilipili haumo katika zile tano. Kapsaisini hugusa vipokezi vya joto na maumivu, vilevile vinavyoshtuka ukigusa kitu chenye nyuzi joto zaidi ya 43, na habari hupita kwenye neva ya tano inayohudumia uso. Ubongo unaambiwa "moto" nao unaamini, unatoa jasho. Maji hayasaidii sana kwa kuwa kapsaisini haiyeyuki majini, maziwa yanasaidia. Ubaridi wa mnanaa ni hadaa ya upande wa pili. Na ukakasi wa tunda bichi ni mguso zaidi kuliko ladha: tanini hushikana na protini za mate na kuondoa ule utelezi wake. Yote haya yalibaki kwako wakati wa mafua, na nadhani ndiyo maana watu wengi wakiugua hutamani vitu vikali na vichachu.

Tumefika kwenye juisi na macho. Jicho halionji, ila ndilo hufika mezani kwanza, na likishafika linaanza kusimulia.

Nikueleze kwanza jicho lenyewe si shahidi mnyoofu kiasi hicho. Mwanga hupindwa hasa na konea, kile kioo cha mbele, kinachofanya kama theluthi mbili za kazi. Lenzi iliyo nyuma ya mboni humalizia kwa kubadili unene wake. Picha huangukia kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho, ikiwa kichwa chini miguu juu, kama alivyoeleza Johannes Kepler mwaka 1604. Retina ina seli zaidi ya milioni 100 za mwanga hafifu, zisizojua rangi, na milioni 6 hivi za mwanga mwingi na rangi, za aina tatu. Lakini neva inayotoka jichoni ina nyuzi kama milioni moja tu. Maana yake retina haitumi picha nzima, inatuma muhtasari: hapa pana ukingo, hapa pana rangi, hapa pamesogea. Tena sehemu inayoona kwa ukali ni kidoa kidogo cha katikati. Kaza macho kwenye neno moja la mstari huu bila kuyasogeza, ujaribu kusoma neno la tano kutoka hapo. Halisomeki. Unaamini unaona ukurasa mzima kwa sababu macho yanarukaruka mara tatu hivi kwa sekunde na ubongo unashona vipande.

Pale neva inapotokea jichoni hakuna seli za kuona kabisa. Nyoosha mikono yote miwili, dole gumba juu, madole yakigusana. Fumba jicho la kushoto, kaza la kulia kwenye dole la kushoto, kisha sogeza dole la kulia polepole kuelekea kulia. Ikifika kama sentimita 15 hivi ncha yake itatoweka, na mahali pake hutaona shimo jeusi. Utaona ukuta, au chochote kilicho nyuma, kimezibwa kwa ustadi. Ubongo haukukuuliza, umejaza tu.

Ubongo huohuo ndio unaopokea juisi yako. Sehemu yake ya mbele, juu tu ya matundu ya macho, hukutanisha taarifa za ulimi, pua, mguso na macho. Rangi ya chungwa ikishaingia, mapendekezo yamepungua hata kabla hujanywa, na harufu inabaki kuthibitisha. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa waliwapa wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo huko Bordeaux mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi hao, waliosomea kunusa, waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Sioni aibu yoyote kwao. Walikuwa na ubongo wa kawaida.

Ukifumba macho, basi, umeunyima ubongo yale mapendekezo. Harufu imefika, unaitambua ("hii naijua, naijua"), jina halitoki. Udhaifu huo ni wa kila binadamu: harufu tunaitambua kwa wepesi na kuitaja kwa shida. Mwambie mumeo akutajie matunda manne, moja likiwa la kweli, uone utakavyolipata. Vipimo vya kunusa tunavyotumia hospitalini vimetungwa hivyohivyo, kila harufu na majibu manne ya kuchagua, la sivyo tungewaandikia ugonjwa watu wazima wenye afya.

Kwako mafua yameisha na chakula kimerudi, kwa hiyo huna la kutibu. Harufu ikikawia zaidi ya wiki chache baada ya mafua kuisha, au ikipotea baada ya kugonga kichwa, au tundu moja tu la pua likawa limeziba na kutoa damu mara kwa mara, muone daktari wa masikio, pua na koo. Mwenye harufu iliyokufa ahakikishe pia nyumbani kuna king'ora cha moshi, na chakula kilicholala asikiamini kwa kuonja.

Kwa wanaokawia kupona baada ya virusi kuna mazoezi ambayo Thomas Hummel na wenzake wa Ujerumani waliyachapisha mwaka 2009: harufu nne, yaani waridi, limau, karafuu na mkaratusi, asubuhi na jioni, kila moja kwa sekunde kumi hivi, kwa wiki 12. Hayamponyi kila mtu. Katikati ya kupona kahawa inaweza kunuka kama kitu kilichoungua au kuoza, na mgonjwa akataka kuacha. Asiache, mara nyingi hizo ni neva changa zinazojifunza kuunganika upya. Na anuse kwa pumzi fupi fupi za kawaida, chupa ikiwa karibu na pua, bila kuvuta kwa nguvu.